Lupu ya Kushoto

Nyumbani kwa Mama, chumba cha mbele
Jumatatu asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, bega limetulia, na ile baridi ya alfajiri uliyoilalamikia imeacha kukuuma kwenye mfupa. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, presha yake imeshuka na sauti yake imepanda, kwa hiyo ujue yuko salama. Mimi pia ni mzima ukiondoa mbavu, goti la kulia na sikio moja lililojaa maji tangu Alhamisi. Nimelala ubavu, nimesimama kwa mguu mmoja nikitikisa kichwa, maji hayataki kutoka. Habari za kazi? Natumaini mapazia ya watu yanaendelea kuwa marefu kuliko madirisha yao, kama ulivyosema.

Barua yako ya wiki saba zilizopita ninayo hapa mezani, imekunjika mpaka inataka kukatika katikati. Uliandika kwamba Bosi wa shule ya tiara za kuburuta watu juu ya maji anakuita urudi ziwani uwe mkufunzi mkuu kama zamani, na anataka jibu lako ifikapo Ijumaa hii, mwisho wa mwezi. Hapo nilifurahi. Halafu ukaandika kwamba jibu lako litatoka kwangu, na hapo nikarudia mstari mara tatu nikidhani macho yangu yana matatizo. Ulisema kwamba tangu ulipoanguka, miaka miwili sasa, hujui ulikosea wapi, na mtu asiyejua alikokosea hawezi kukabidhiwa watoto wa watu. Basi mimi nijifunze lupu ya kushoto, lile duara la hewani ulilokuwa unapiga ulipoanguka, ileile, kwa tiara yako ileile uliyoniachia, kisha nikuandikie kwa ukweli kama ulichelewa kuvuta, au ulivuta nusu, au uliogopa ukaganda. Nikikuambia kosa, utajua la kurekebisha na utarudi. Nisipokuambia, utabaki kwenye duka la mapazia na habari ya maji iishie hapo. Dada, watu wengine wanaachiwa na dada zao sufuria.

Nianze na huyu mwalimu wangu. Sindano, yule mwembamba uliyemfundisha wewe mwenyewe hata kusimama juu ya ubao, sasa ndiye mwenye kundi la asubuhi, na ana maringo ya mtu aliyepewa funguo za stoo. Nilipomwambia nataka kujifunza lupu aliniangalia kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu, akauliza nina umri gani. Nikamwambia thelathini na saba. Akasema basi tuanze leoleo kabla mifupa haijakauka zaidi. Nikamkumbusha kwamba kwenda na kurudi juu ya maji naweza, na kuruka kidogo naweza, ulinifundisha mwenyewe. Akajibu kwamba ndiyo, ameniona nikiruka, na yeye hakujua kama ile ilikuwa kuruka.

Maelezo yake yote kuhusu lupu ni neno moja, nalo ni vuta. Nilimuuliza nivute lini, akasema nikiwa juu. Nilimuuliza nivute kiasi gani, akasema yote. Nikamuuliza yote ni kiasi gani, akainua mkono akaondoka kwenda kumsaidia mtu mwingine. Sasa mimi ni fundi lifti. Kazini kwetu kila kitu kina kipimo, hata ule mwanya wa mlango una milimita zake, na ukizidisha milimita mbili mkaguzi anakuandikia barua. Huwezi kumchukua mtu aliyekulia kwenye kazi hiyo ukamwambia avute yote, halafu ukashangaa anakutazama tu.

Na tuseme ukweli, hiki kitu chenyewe hakina akili. Mtu ameruka, yuko hewani mita tatu juu ya maji, tiara imetulia juu ya kichwa chake imemshika vizuri kwa zile kamba nne, amestarehe. Wakati huohuo ndio anaambiwa avute upande mmoja wa ile fimbo ya kuongozea iliyo mikononi mwake kwa nguvu zote, ili tiara iache kumshika, ichomoke ishuke mbele yake, ipige duara zima huku inamburuta hewani, ndipo ipande tena juu imdake kabla hajafika chini. Na ukiivuta kidogo kwa kuogopa ndiyo unaumia zaidi, kwa sababu tiara inafika nusu ya duara inakaa hukohuko, wewe unashuka peke yako. Ningekuwa mimi niliyegundua mchezo huu ningeficha.

Wiki ya kwanza sikuvuta kabisa. Niliruka, nikafika juu, nikaitazama tiara, tiara ikanitazama, tukashuka wote kwa heshima. Sindano aliuliza kama nimekuja kujifunza au kupunga upepo. Wiki ya pili nikavuta nusu. Kilichotokea unakijua. Nilipiga maji kwa ubavu, ubao ukaenda zake, nikaja kuupata mbele ya kikundi cha wanafunzi wapya waliokuwa wanafundishwa kwamba mchezo huu ni salama. Nikarudia. Wiki ya tatu ilikuwa kama ya pili, isipokuwa nilibadilisha ubavu. Kila ninapotoka majini Sindano ananipokea kwa neno lake lilelile moja, na mimi namjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayopita mikononi mwa Mama.

Mama naye kaingia. Alinikuta nimelala chali sebuleni na pakiti ya barafu kwenye mbavu, akaniuliza ni lifti gani imeniangukia. Sikuweza kudanganya nikiwa nimelala chali. Kuanzia hapo kila Jumamosi na Jumapili anakuja ziwani na mwavuli wake na kiti cha plastiki, anakaa ameligeuzia ziwa mgongo. Anasema hawezi kuangalia mtoto wa pili akivunjika, mmoja ametosha. Lakini kuondoka pia haondoki. Akisikia maji yanapiga nyuma yake anamuuliza Sindano kama ni mimi. Kama si mimi anaendelea kufuma. Kama ni mimi anauliza kama nimeinuka, na mpaka aambiwe nimeinuka ndipo sindano zake za kufumia zinaanza tena kugongana. Nimemwomba abaki nyumbani. Akaniambia aliyenizaa ni yeye, na ziwa halina geti.

Huko kazini ndiko nilikovuliwa nguo kabisa. Wewe unajua maji ya ziwa yakikuingia puani kwa nguvu hayatoki siku hiyo, yanajificha mahali kwenye kichwa. Jumatatu moja nimeinama kwenye lifti ya lile jengo la ofisi, nimefungua kibao cha vitufe, nyuma yangu wamesimama watu watano wananisubiri nimalize, na mmoja wao ni yule daktari wa ghorofa ya sita ninayemheshimu sana. Nikainamisha kichwa kuangalia nyaya. Maji yakatoka puani kama nimefungua koki, yakamwagika kwenye viatu vyangu. Daktari akapanda ngazi. Na fundi mwenzangu tangu siku hiyo ananiita Chemchemi, jina limeshika, hata mlinzi wa getini analitumia.

Niliapa kuacha mara nyingi, dada. Mara moja niliapa nikiwa bado chini ya maji. Lakini kila nikifika nyumbani naikuta barua yako mezani, na ile sentensi yako kwamba umechoka kuamka asubuhi ukijiuliza mkono wako ulifanya nini. Mtu akiandikiwa hivyo na dada yake anajikaza kisabuni, anarudi kesho yake.

Kitu kilichonikera kuliko maji yote niliyokunywa ni maneno ya watu pale ufukweni. Kila anayesikia ninajifunza lupu ya kushoto anataka kuniambia habari zako, kana kwamba mimi sikuwepo. Wote wana neno moja: aliganda. Muuza maji anasema uliganda, mpiga picha anasema uliganda, na hawakuwepo hata mmoja. Sindano ndiye aliyekuwepo. Siku moja tukiwa tunakunja kamba alisema, kwa sauti ya chini, kwamba aliiona tiara yako ikimaliza duara la kwanza vizuri kabisa, na badala ya kutulia juu ikaanza duara la pili wakati wewe ulishakaribia maji. Akasema kwamba tiara haizunguki mara ya pili mpaka mkono uwe bado umevuta, kwa hiyo lazima mkono wako uliganda ulipotakiwa kunyoosha fimbo. Akasema anakupenda kama dada yake, ila hilo ndilo aliloliona. Nilimrushia kamba zake nikaondoka bila kumuaga. Nyuma nilimsikia akimuuliza Mama nimekula nini.

Sasa Jumamosi iliyopita. Upepo ulikuwa mzuri, wa kunyooka, hauna mikwaruzo. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameligeuzia ziwa kisogo kama kawaida. Nilikuwa nimechoka na Sindano, nimechoka na sikio, nimechoka na jina la Chemchemi, na nikiwa juu hewani nikasema potelea mbali, nikavuta yote. Dada, ilizunguka. Ilinichomoa kwenda mbele kwa nguvu, nikaona maji yanapita chini yangu kwa kasi, nikanyoosha fimbo, na ghafla tiara iko juu ya kichwa changu imetulia imenishika, nikashuka taratibu mpaka nikatua kwa miguu yote miwili. Nilikaa juu ya ubao nikiangalia mikono yangu. Nikarudia mara nne, kushoto, zote zikakubali. Sindano alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni anapiga makofi, na nimeambiwa Mama aligeuka akaiangalia ile ya mwisho kwa jicho moja.

Nilipotoka, Sindano alinikumbatia na kuniuliza kitu kimoja tu. Aliuliza, sasa umeshaijua, dada alikosea wapi. Nikamwambia sijui. Nikaenda kujifungia bafuni pale shuleni, nikakaa juu ya ndoo kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa najua.

Kaa chini, dada, kama umesimama.

Siku ile ya ajali uliitwa na Bosi ofisini, ukaniambia nikujazie tiara upepo, basi, na kamba nisiziguse. Ulilisema hilo la kamba mara mbili. Sheria yako ilikuwa kwamba kamba hufungwa na anayeruka nazo, si mwingine, hata awe nani. Na wiki moja kabla nilikuwa nimezikoroga, ukanisema mbele ya wanafunzi wako wote mpaka Sindano akacheka. Nilikuwa bado nina kinyongo. Nikataka nikuoneshe kwamba mimi ninayeshughulika na kamba za lifti kila siku ya Mungu, kamba nne za kuchezea hazinishindi. Nikazinyoosha kwenye nyasi, nikazilinganisha, nikaona ile ya kushoto imezidi kwa upana wa kidole gumba.

Unajua zile kamba mbili za pembeni zinavyofungwa, kila moja kwa kitanzi chake kwenye kikamba kifupi cha tiara chenye mafundo matatu. Ukifunga kwenye fundo la nje inakuwa ndefu, ukiingia la ndani inakuwa fupi, na ya kushoto na ya kulia lazima zikae fundo linalolingana. Mimi niliitoa ya kushoto fundo la nje nikaiingiza la pili. Ya kulia nikaiacha. Nilidhani nakufanyia hisani. Nilishapanga hata maneno ya kukuambia jioni, kwamba umekuwa unaruka na kamba zisizo sawa na nimekurekebishia.

Kamba hazikuwa na tatizo. Nilizipima zimelala kwenye nyasi, zimelegea, moja imepita juu ya kichaka kidogo cha majani. Dada, kazini kwetu kamba ya lifti haipimwi imelegea hata siku moja. Inapimwa ikiwa imebeba uzito, hilo ndilo jambo la kwanza unalofundishwa, kabla hata hujapewa bisibisi. Ningekuwa nimefanya hivyo kwenye jengo lolote ningefukuzwa kazi mchana uleule na ningestahili.

Uliingia majini. Baada ya dakika kumi ulirudi ukingoni, ukasema tiara inakwenda kushoto yenyewe, ukaniuliza kama nimegusa kitu. Wanafunzi wako walikuwa pale. Sindano alikuwa pale, anasubiri kucheka. Nikasema sijagusa chochote, ni upepo tu. Uliniangalia kidogo. Kisha ukaniamini, ukageuka, ukaenda. Ningesema kweli ungenifokea dakika mbili, ungehamisha kitanzi kwa vidole viwili, na leo tungekuwa tunacheka. Dakika zako mbili za kunifokea ndizo nilizozikimbia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu haikwenda hivyo. Asiyesikia nilikuwa mimi, aliyevunjika ulikuwa wewe.

Halafu kuna la pili, na hili ndilo linaloniamsha. Walipokuwa wanakubeba kukupeleka kwenye gari, mimi nilibaki kukusanya vifaa. Kabla ya kitu kingine chochote nilirudisha kile kitanzi kwenye fundo la nje. Bosi alipokuja saa moja baadaye akazifunga kamba zako zote kwenye nguzo, akazivuta, zikawa sawasawa. Akaandika kwenye daftari la ajali kwamba vifaa ni vizima, kosa ni la mwendeshaji. Akanipa kalamu. Nikatia sahihi kama shahidi.

Miaka miwili nimejiambia kwamba fundo moja si kitu, kwamba mtu mwenye uwezo wako haangushwi na fundo moja, kwamba huenda kweli uliganda. Nilikuwa naomba iwe uliganda. Unaelewa ninachokuambia? Nilikuwa nakaa hospitali pembeni ya kitanda chako, nakumenyea chungwa, na ndani naomba iwe ni wewe uliyekosea. Ulipoandika kwamba utaacha kila kitu kwa sababu huiamini mikono yako, bado sikusema. Nilijifunza lupu nikitegemea kwamba nikiijua nitaliona kosa lako, nikuandikie kwa raha, na langu lifie hapo. Jumamosi nilipozungusha zile nne nililitafuta kosa hilo na sikuliona, kwa sababu ukinyoosha fimbo tiara inatulia yenyewe, huhitaji hata kufikiri.

Kwa hiyo jana Jumapili nilikwenda mapema, kabla Sindano hajafika na kabla Mama hajatafuta mwavuli wake. Upepo ulikuwa mdogo. Nikafunga kamba ya kushoto kwenye fundo la pili, ya kulia kwenye la nje, kama siku ile. Sikuruka, nilibaki kwenye maji ya kifuani, nikavuta kushoto tiara ikazunguka, nikanyoosha fimbo. Niliinyoosha kabisa, dada, niliiangalia kwa macho yangu imenyooka. Tiara ilifika juu, haikutulia, ikaanza la pili. Ikaniangusha kifudifudi ikaniburuta mpaka kwenye matope. Nikafanya tena, nikidhani nimekosea. Ikawa vilevile. Mara ya tatu niliisukuma fimbo upande wa pili, ndipo ikakubali kuacha, lakini hiyo nilifanya kwa kuwa nilijua na nilikuwa nimesimama chini. Wewe ulikuwa hewani, hujui, na uliyemuuliza alikuwa amekuambia ni upepo.

Basi majibu yako ni haya. Hukuchelewa kuvuta. Hukuvuta nusu. Hukuganda. Mkono wako ulinyoosha fimbo wakati wake na hauna la kurekebishwa.

Najua utataka kunifichia, kwa sababu umenifichia tangu nikiwa mdogo, hata siku ile nilipovunja kioo cha jirani ulisema ni wewe. Kwa hiyo sikusubiri ruhusa yako. Jana hiyohiyo saa sita nilikwenda ofisini kwa Bosi, nikamwambia kila kitu mbele ya Sindano. Bosi hakupaza sauti. Alifungua daftari la ajali kwenye ukurasa ule, akanigeuzia, akaniambia niandike mwenyewe kwa mwandiko wangu chini ya pale alipoandika yeye. Nimeandika. Nimeweka sahihi ya pili chini ya ile ya kwanza. Kisha akaniambia nisionekane tena pale shuleni, wala ufukweni kwao, na akaniuliza kama wakubwa zangu wa lifti wanajua ninavyofanya kazi. Nikamwambia leo wataambiwa. Sindano alichukua tiara na ubao wako mikononi mwangu, akaenda kuvisuuza, hakuniangalia. Vipo stoo kwa jina lako.

Sikuombi msamaha kwa barua, dada, barua ni rahisi mno. Nikija huko utaniambia uso kwa uso utakavyo, na kama hutaki nije nitakaa huku. Ninachokuomba ni kimoja tu: usimjibu Bosi kabla ya kuisoma barua hii mara ya pili, na jibu utakalompa lisiwe la mtu anayeogopa mkono wake. Ukikataa, kataa kwa sababu umeyapenda mapazia. Hilo nitaliheshimu. Lingine sitaweza kuishi nalo, ingawa najua sina haki ya kukuambia nitakachoweza na nisichoweza.

Barua hii naipeleka leo kwa basi la saa nne, itakufikia Jumatano, kwa hiyo utakuwa na siku mbili. Lipumzishe bega, usinyanyue majora ya vitambaa peke yako, mwambie yule mwenzako wa dukani akusaidie, nasikia ni mtu mwema. Msalimie sana.

Mama nilimwambia leo alfajiri, akiwa anapiga pasi. Hakunifokea. Ameipiga pasi shuka moja tangu saa hiyo mpaka sasa ninapoandika. Nilipomuuliza kama ana salamu za kukuletea alikwenda chumbani kwake, akarudi na karatasi yake ameshaikunja. Akasema niitie ndani ya bahasha hivyohivyo bila kuifungua, kwa sababu salamu zake hataki zikae ukurasa mmoja na jina langu.

Mdogo wako.